Sanduku la Karafuu Maiti

Iringa, 3 Januari 1957

Haya Mdaku wangu, karibu ukae. Nakuita Mdaku kwa sababu daftari hili nimeliandika juu HESABU ZA KUZIDISHA, na hakuna mtu mwenye akili zake anayefungua hesabu za mwenzake kwa raha. Wewe umefungua. Basi ni mdaku kama mimi, tutaelewana.

Mimi Jaha. Shule niliishia darasa la nne, baba alipofariki, lakini kusoma sikuacha. Nasoma gazeti lililofungiwa nyama, nasoma vibao vya maduka, nasoma vitabu vya Kiingereza alivyoviacha kaka Zubery, nusu naelewa na nusu nakisia. Naishi hapa Miyomboni na bibi yangu mzaa baba, Bibi Mwanakhamisi, mwanamke wa Kilwa aliyeletwa huku milimani na mume wake zamani za Mjerumani, na baridi hajaisamehe mpaka leo. Kaka Zubery ni utingo wa lori la Mbeya. Anakuja anapokuja.

Kwa nini naandika? Kwa sababu nyumba yetu inanuka maiti.

Usikimbie. Maiti hakuna. Ni karafuu maiti, ile inayotiwa kwenye maji ya mwisho ya kumwoshea mtu. Bibi anayo sanduku zima chumbani kwake, akiba yake ya kufia, na sheria ya nyumba hii ni moja tu: sanduku haliguswi. Kila masika harufu inatoka chumbani, inaingia kwenye kanga, inaingia kwenye ugali. Mwaka huu imezidi. Lakini Bibi anasema si sanduku linalonuka. Anasema ni watu wanapita.

"Watu gani, Bibi?"

"Waliokosa."

Nikamuuliza wamekosa nini. Akaniambia nikachochee makaa.

6 Januari

Mvua. Nimefua kanga, hazikauki, zinanuka ukungu na karafuu maiti.

11 Januari, Ijumaa

Leo Bibi alipokuwa bafuni nimelitazama sanduku vizuri. Kulitazama siyo kuligusa.

Ni la mbao nyepesi, mtoto anaweza kulikalia. Bibi anasema ndani limezungushiwa bati, na kila bonge limefungwa kwa karatasi yake laini. Ubavuni pana karatasi nyekundu iliyopauka, maandishi yake yamesimama kama vibanda vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na chini yake, kwa herufi zetu: KOBE. Nilipokuwa mdogo niliamini karafuu maiti inakamuliwa kwenye kobe. Sasa najua Kobe ni bandari ya Japani, nimeiona kwenye ramani ya Zubery, lakini hata leo nikikutana na kobe njiani namwonea haya.

Babu Alawi alilinunua Unguja kwa Mhindi mwenye kaka yake Bombay, mwaka aliomwoa Bibi, karne ile nyingine inakaribia kuisha. Alikuwa na masanduku kadhaa, alipanda nayo toka Kilwa akiuza bonge bonge kila penye Waislamu. Moja hakuliuza. Alimwambia Bibi, "Hili letu."

Na Bibi analitunza, nakwambia! Kilwa kwao kila kitu kizuri kinaliwa na unyevu, basi kitu kizuri kinakaa karibu na moto. Kigae cha makaa kiko pale ubavuni mwa sanduku masika na kiangazi. Kila baada ya siku kadhaa analigeuza, upande huu upate joto, kisha na ule, kama anayemgeuza mgonjwa.

17 Januari

Zubery kaja! Lori lao limeshusha magunia ya mchele wa Usangu, kesho wanarudi Mbeya. Kaniletea kitambaa cha maua mekundu.

"Mali ya Japani hiyo," akasema. "Madukani Mbeya zimejaa tena. Fua mara moja, mara ya pili unavaa kivuli."

Bibi kasikia kutoka chumbani. "Zubery! Mjapani wa babu yako hakuwa huyo wa leo."

"Bibi, Mjapani ni Mjapani."

"Yule wa zamani aliuza kitu cha kwenda nacho kaburini. Huyo wako anauza vya kwendea dansini."

Tulicheka mpaka Zubery akapaliwa na chai. Halafu akaniinamia, akasema Bibi amekonda, na kwa nini asilifungue hilo sanduku auze, anunue blanketi la maana. Alinong'ona, lakini nyumba hii haina siri.

"Siku ile hukuwepo, Zubery," Bibi akasema. Sauti haikuwa ya utani tena.

Kweli, Mdaku, mimi namwona Bibi mchoyo. Nimeandika. Sanduku zima kwa mwili wa mwanamke mmoja mdogo hivyo!

22 Januari

MDAKU! Nimepata kitu!

Unamjua Paskalina, yule Mhehe anayeuza karanga pale kona? Mume wake Ambrosi ni mpishi wa mzungu mmoja, na mzungu katupa vitabu vilivyoliwa na mchwa, na Paskalina anafungia karanga. Leo nimefungua karanga zangu, nakuta karatasi ya Kiingereza, na katikati yake neno *Kobe*. Nimekaa palepale barazani kwenye manyunyu.

Ni kitabu cha biashara za dunia, cha zamani. Kinasema Wajapani walikuwa wamejifungia, mgeni hataki kumwona, mpaka meli za wazungu zilipokuja na mizinga wakafungua bandari zao. Wakaanza kuuza. Wakauza hariri, chai, shaba, viberiti. Na karafuu maiti! Karibu yote ya dunia ilitoka kwao, meli zikipakia Kobe, nyingine London, nyingine Bombay. Bombay! Kwa kaka yake Mhindi wa babu!

Nikamkimbilia Bibi, nikamsomea, nikimtafsiria kwa kuruka ruka.

"Wamemtaja babu yako?"

"Hapana, Bibi."

"Basi hawajui kitu."

23 Januari

Nimerudi kwa Paskalina. "Kamwene, Jaha. Leo mara ya tatu. Una mimba?" Watu walicheka. Karatasi tatu, zote habari za pamba ya Misri.

24 Januari

Tumbo. Sitaki kuona karanga.

26 Januari

Nimeipata nyingine, na ningejua nisingeitafuta.

Inasema karafuu maiti inatoka kwenye mti, mti mkubwa, una miaka mamia. Unakatwa, hata mizizi inachimbwa, unapasuliwa vipande vidogo, unapikwa kwa mvuke, na kile kinachoganda juu kama ukoko mweupe ndicho kinachouzwa. Mwaka 1895 Wajapani walichukua kisiwa kinaitwa Formosa, kilichokuwa cha Wachina, na miti mingi ilikuwa huko milimani. Lakini milima ilikuwa na wenyewe. Wenyewe waliona msitu wao unaondoka vipande vipande kwenda kuchemshwa, wakawa wanawavizia wakata miti na kuwakata vichwa. Basi wakata miti wakaanza kupanda na askari wenye bunduki, na wale wa milimani

Karatasi imechanika hapo. Imechanika, Mdaku! Wale wa milimani nini?

Nimelitazama sanduku mchana kutwa. Ukungu umefunga mtaa, hatuoni nyumba ya jirani, na mle ndani harufu imesimama kama mtu. Nikamwambia Bibi habari yote. Nilidhani atacheka. Akavuta kanga mabegani.

"Kwa hiyo na wao wanalidai," akasema.

2 Februari

Mwantumu kaja kunitembelea, shoga yangu wa nyumba ya pili, mimba yake ya kwanza imekaribia siku zake. Alipita mlangoni kiubavu.

"Nimekuwa lori la Zubery," akasema. "Hata honi ninayo, subiri nicheuke."

Tukapiga soga. Kila mara pua yake inaelekea chumba cha Bibi. "Jaha, usinicheke. Wenzangu wanatamani udongo, mimi natamani harufu yenu. Nikiwa kwetu naisikia kwa mbali, nalala vizuri." Nikageuka kuchukua chai, kurudi simuoni. Kaingia kwa Bibi, kapiga magoti penye makaa, pua kwenye ubao wa sanduku, amefumba macho kama anayenyonya.

Bibi aliamka usingizini. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwake. "Toka hapo! Mtoeni hapo! Jaha, mtoe!"

Mwantumu kaondoka analia. Bibi hakunieleza neno. Nimemchukia leo, naandika ili nisisahau.

9 Februari

Leo saa tisa mchana nilikuwa nachambua mchele. Bibi akasema toka kitandani, "Nenda kafungue, mtoto anabisha hodi."

"Sijasikia, Bibi."

"Nenda."

Nikafungua. Ukungu, na kuku wa jirani kasimama mguu mmoja. Nikarudi kusema hakuna mtu. Bibi akaniuliza, "Kavaa nini?"



10 Februari

Mvua.

11 Februari

Mvua. Kauliza tena kavaa nini.

16 Februari

Udongo umeporomoka mlima Kitonga, magari ya pwani yamekwama chini kule, na njia za Dodoma na Mbeya maji yamepita juu ya madaraja. Sukari hakuna, mafuta ya taa yamekwisha maduka yote. Surua imeingia, watoto wanazikwa kila siku. Paskalina anasema hata Wakristo wamekosa misumari ya majeneza. Zubery hajaonekana, labda kakwama Mbeya.

Halafu jambo jingine. Tangu juzi nyumba hainuki. Nimenusa kanga, nimenusa ukuta, hakuna kitu. Nilidhani nitafurahi. Nimwambie Bibi? Nimemuuliza tu kama anasikia harufu. Akasema, "Wameacha kupita. Wamekaa."

21 Februari



Mwantumu amekufa.

Uchungu ulimshika jana, leo asubuhi mtoto katoka hai, wa kike, na yeye damu haikukata. Nilikuwepo. Alinishika kidole hiki ninachoshikia kalamu. Siandiki zaidi ya hapo.

Saa nne wanawake wakaanza kutayarisha. Majani ya mkunazi yalipatikana, sanda ikapatikana, karafuu maiti hakuna. Selemani, mume wake, kazunguka maduka yote mpaka sokoni, wanamwambia ya mwisho imekwenda na watoto wa surua. Mwalimu wa msikitini kasema si dhambi, aoshwe kwa kilichopo. Lakini nilimwona Mama Mwantumu pale alipokaa chini, ameshika mguu wa mwanawe, akainua uso pole pole akanitazama mimi. Mtaa mzima unajua sanduku letu.

Nilitoka mbio. Sikungoja aseme.

Bibi alikuwa kitandani amegeukia ukuta. Nikasema, "Bibi, Mwantumu katutoka. Nachukua bonge moja." Nikasema tena. Akasema bila kugeuka, "Waambie hakuna."

"Bibi, ni Mwantumu!"

"Waambie hakuna, mwanangu. Ukimpa mmoja watakuja wote."

Basi, Mdaku, nilivunja sheria ya nyumba. Nililivuta sanduku mpaka sebuleni, nikashusha pazia la chumba. Ajabu yangu ya kwanza ni kwamba lilikuja kama kapu. Nilichokoa misumari kwa kisu cha jikoni, kifuniko kikainuka, na harufu ikatoka yote kwa mpigo, harufu ya miaka yote, ikanipiga machoni mpaka nikatoa machozi. Nikaingiza mkono.

Karatasi.

Karatasi laini, moja moja, bado zimekunjwa umbo la mabonge, kama maganda ya mayai. Nikiminya moja inabonyea. Nikiminya nyingine inabonyea. Nilifika chini kwenye bati, bati lilikuwa na vuguvugu la makaa. Hata chembe. Kila mwanamke mtaani anajua karafuu maiti ukiiacha wazi inapungua, inakwenda na hewa. Na sisi tumeipasha moto tangu kabla baba yangu hajazaliwa! Bibi mwenyewe, kwa mikono yake, kwa mapenzi yake, kaigeuza upande huu na ule mpaka imekwisha. Ile harufu ndani ya ugali wetu, ndani ya kanga, aliyoisikia Mwantumu akiwa kwao akalala vizuri, ndiyo ilikuwa inaondoka.

Na hapo ndipo nikasikia hodi.

Mama Mwantumu mwenyewe, kanga imelowa, hana viatu. Nilirudishia kifuniko nikasimama mlangoni. Nyuma yangu pazia, na nyuma ya pazia Bibi, macho yake hafifu lakini masikio yake wembe.

"Jaha, mwanangu," Mama Mwantumu akasema. "Sitaki nyingi. Kiasi cha kucha."

Ningesema nini? Ningesema sanduku ni tupu, na Bibi anasikia? Angekufa pale pale, au angeishi, sijui lipi baya zaidi.

"Hakuna, mama," nikasema.

Alivuta pumzi. Nyumba nzima, mpaka barazani, mpaka kwenye matone ya mvua, ilikuwa inanuka karafuu maiti kama haijawahi kunuka. Akavuta pumzi tena, taratibu, ajiridhishe. Kisha akaniangalia kama mtu anayemtambua mtu wa zamani.

"Sawa," akasema. "Mara ya pili, mlango huu huu."

22 Februari

Tumemzika. Mimi nilikaa mwisho wa mkeka. Hakuna aliyenipa mkono.

27 Februari

Nikienda bombani ndoo zinasogezwa. Hawanitukani, afadhali wangenitukana. Leo mmoja kaangalia juu, kasema, "Wengine watazikwa wananukia." Nimejaza ndoo, nimerudi.

Na Bibi ananisifu! Ndiyo kinachoniua. Ananishika mkono, ananiambia, "Umelinda mali yetu. Kweli wewe mke mwenzangu, Alawi angekupenda." Kanifanya nimwapie kwamba nitamwosha mimi, kwa karafuu maiti ya Japani, ile ile. Nimeapa. Sanduku nimelirudisha penye makaa, misumari nimeigongea, na kila siku nalichochelea moto likae na joto. Silali kwa kucheka na silali kwa kulia.

2 Machi

Mvua. Paskalina peke yake anaongea na mimi. "Sisi huku hatuoshi kwa hiyo kitu yenu," akasema, "na watu wetu wanakwenda tu." Alinipa karanga bure, hazikufungwa na karatasi.

6 Machi

Bibi hali tena, uji vijiko viwili vitatu. Leo kanieleza mwenyewe, mchana kweupe, huku amekaza macho mlangoni.

Ulikuwa mwaka wa mafua, vita vya Mjerumani vinaisha. Watu walikufa wakiwa wamesimama. Kwenye mtaa huu nyumba zikazibwa milango kwa sababu ndani hakuna wa kufungua. Barabara hakuna, wapagazi wamekwisha vitani, karafuu maiti ikakwisha mjini. Ila hapa. Babu Alawi alikuwa amelala na homa, naye kamwambia, "Usitoe. Mimi nitaihitaji." Wakaja. Akina fulani, na akina fulani, kawataja wote, Mdaku, majina ambayo leo nayasikia hapa mtaani, kwa wajukuu wao. Wote aliwaambia hakuna. Babu akapona, na alipokuja kufa miaka ya baadaye, ya madukani ilitosha. Sanduku likabaki zima.

"Wa mwisho alikuwa mtoto," akasema. "Mdogo. Mama yake kalala ndani siku ya pili, hakuna wa kumwosha, majirani wamemtuma yeye kwa sababu nani atamnyima mtoto. Kavaa gunia. Kafunga gunia kiunoni na kamba. Akasema hodi, nikamwambia hakuna. Akasimama. Nikafunga mlango, bado kasimama, nikachungulia, bado. Mvua inamnyeshea."

Nikauliza ingawa nilikwisha jua. "Alikuwa nani, Bibi?"

"Si ndiye huyu Mama Mwantumu."

Makaa yakawa yanapasuka.

"Sikuwa mchoyo, Jaha. Niliogopa. Ukiogopa mara moja, halafu ukapata nafasi ya pili ukaogopa tena, si ndiyo tabia tena hiyo?"

Mimi niliyemwandika mchoyo! Nimemlaza kichwa mapajani. Ana uzito wa kanga iliyokauka.

13 Machi

Asubuhi Bibi kaniita, kakaa kitako peke yake, macho yanang'aa. Nikajua ni homa, lakini si homa tu.

"Leo sikusikia hodi," akasema. "Kaingia. Kasimama pale, na gunia lake. Nikamwambia, nitatoa. Nitatoa yote."

"Utatoa nini, Bibi?"

"Jaha we! Sanduku. Ijumaa baada ya sala waite wanawake wote wa Miyomboni. Waite wenye majina yale niliyokutajia, wajukuu zao. Nenda mwenyewe kwa Mama Mwantumu, umwambie Mwanakhamisi anakuomba miguu yako. Kila mmoja nimpe bonge lake kwa mkono wangu. Na mimi nibakishiwe kiasi cha kucha, sihitaji zaidi. Nikitoa ataondoka. Kaniambia ataondoka."

Nikasema Bibi upumzike kwanza. Nikasema mvua. Nikasema watu hawatakuja. Akanitazama.

"Mbona wewe sasa ndiye mchoyo?"

14 Machi

Nimekwenda nyumba kwa nyumba. Wengine walinisikiliza mlangoni bila kunikaribisha. Mama Mwantumu alikuwa anamnywesha mjukuu wake maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Nilipiga magoti, nikatoa salamu ya Bibi. Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini akaanza kulia, na kulia kwake hakukuwa kwa hasira. Alisema, "Nimengoja mtu wa nyumba ile aniite tangu sina meno ya mbele." Akasema atakuja. Nikashindwa.

Habari nyingine. Kitonga wamefungua upande mmoja, lori la kwanza limepita, lakini shehena yake yote ni dizeli na barua. Duka la kona wamebakiwa na dawa ya nondo, vile vidonge vyeupe vya kutia kabatini. Nimenunua. Viko hapa ndani ya kanga. Ukiviangalia kwa mbali, na ukivifunga kwa zile karatasi laini za Japani, umbo ni lile lile. Harufu siyo. Bibi ataijua kabla sijafika mlangoni. Au pua yake imechoka? Na wao je, waende wakawaoshe watu wao kwa sumu ya mende, kwa mkono wa Bibi yangu?

Leo nimewawaza tena wale wa milimani, waliokatiwa msitu. Ule mti ulisimama miaka mamia. Wakaukata, wakauchemsha, wakaupakia Kobe, ukavuka bahari, ukapanda milima kichwani kwa mpagazi, watu wakafa ukiwa ndani na wao nje, na ulikuwa unatoka kwa nyufa muda wote. Hakuna aliyeupata. Tumeupumua tu.

15 Machi, Ijumaa

Sala imekwisha. Mvua imesimama, mara ya kwanza wiki hii, na ukungu nao umekuja kukaa uani.

Wamekuja, Mdaku. Nilidhani watakuja wachache. Ua umejaa, mikeka haitoshi, wamesimama mpaka njiani, na hata Paskalina yuko nyuma na ungo wake kichwani. Mama Mwantumu kakaa mbele kabisa, mtoto mgongoni. Selemani na wanaume wako ng'ambo ya ukuta.

Bibi nimemvalisha kanga mpya. Nimemtoa na kumkalisha barazani, amepakata mikono yake mitupu, anatabasamu kwa upande ambao hakuna mtu. Ananiambia mtoto amekaa chini pale miguuni, amevua gunia.

Zubery hajafika. Nimesimama chumbani, pazia limeshushwa, naandika juu ya kifuniko cha sanduku lenyewe kwa sababu bado sijaamua. Vidonge vya nondo viko mkono wa kushoto. Nikitoka na sanduku kama lilivyo, wanawake hawa wataona kwamba siku ile sikuwanyima, jina letu litasafika mbele ya mtaa mzima. Na Bibi ataona kwamba alichowanyima watu hakikuwepo, na anachotaka kutoa hakipo, na yule mtoto hataondoka. Nikitia hivi vidonge, Bibi anaweza kufa leo usiku ametulia, na mimi nitaishi mtaa huu nikiwaona wakivifungua. Na nikikaa hapa hapa?

Ananiita. "Jaha! Lete, mwanangu, watu wamelowa ukungu."

Ungekuwa wewe, Mdaku, sanduku hili mikononi, ungefanya nini?